Mkono wa Kulia kwa Ba, wa Kushoto kwa Chacha

Kiharusi kilinikuta napinda sketi ya shule. Ilikuwa ile wiki ya Januari ambayo wazazi wote wa Nyamisangura, hapa Tarime, hukumbuka kwa pamoja kwamba watoto wao wamekua. Nashona kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na siku hiyo wateja watano walikuwa kwenye benchi wakisubiri, sketi ya bluu iko chini ya sindano. Mkasi ukanidondoka. Nikauokota, ukadondoka tena. Mama mmoja akasema, "Fundi, leo umeamkia wapi?" Wenzake wakacheka. Nikataka kumrudishia utani wake, lakini kilichonitoka mdomoni hakikuwa neno la lugha yoyote.

Aliyeelewa ni Ba. Ba ni mama wa Naresh mwenye duka, bibi wa Kihindi aliyezaliwa Musoma na kuolewa Tarime kabla mimi sijazaliwa. Mtaa mzima unamwita Ba, kama wanawe wanavyomwita, maana yake mama. Alikuwa amesimama mlangoni akichagua vifungo. Alinitazama mdomo, akaweka kopo la vifungo chini.

"Naresh, toa gari," alisema. "Wateja waache. Toa gari."

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kibaraza kilekile, kwa mkono uleule wa kulia, ingawa herufi zangu sasa zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Namwandikia mtu ambaye wiki hii ameambiwa kwamba upande wake mmoja umelala, na anayemuuguza. Mambo ya daktari mtaambiwa na daktari. Mimi ni fundi. Nitasema nilichokiona na nilichokipima.

Nililala hospitali wiki mbili. Nilipotoka, uso ulikuwa umeshuka upande wa kulia, chai ilinitoka pembeni ya mdomo bila mimi kujua, na mkono ulikaa mapajani kama wa mtu mwingine aliyeusahau hapo. Mguu ulikubali kusimama, ila vidole vilikuwa vinaburuzika chini. Maneno yalirudi moja moja. La kwanza kurudi vizuri lilikuwa "hapana," na binti yangu Ghati anasema nililitumia kupita kiasi.

Ghati anafundisha chekechea kule Turwa, kwenye nyumba yetu ilipo, na anaishi nami. Mimi na yeye hatujawahi kugombana kama tulivyogombana mwezi ule, na karibu kila ugomvi ulihusu vifungo. Nilikuwa nimewashonea watu vifungo nusu ya maisha yangu, na sasa mwanangu ananifunga blauzi huku anatazama saa.

"Mama, tulia."

"Nimetulia. Unaanzia juu. Anzia chini, hakitabaki kimoja."

"Wewe mama utaniua kabla ya hicho kiharusi."

Kisha tunacheka, au tunalia, kutegemea nani amelala vizuri zaidi ya mwenzake.

Mwishoni mwa Februari shemeji yangu Mwita alikuja kutoka Mugumu. Mwita ni kaka wa marehemu mume wangu, Chacha. Ni mtu mwema, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikaa sebuleni, akazungusha kofia yake mikononi, akasema ameshapiga plasta chumba kwa ajili yangu. Nitakaa kwake, wake za wanawe watanihudumia. Nyumba hii ya Turwa itapangishwa, cherehani itauzwa kabla haijapata kutu, na Ghati atakuwa huru kuolewa kama wenzake.

"Shemeji, hapa unamfunga mtoto," alisema. "Na wewe mwenyewe umefungwa."

Alikuwa anasema kweli, kwa sehemu. Lakini nilijua pia kwamba nikihamia Mugumu sitarudi. Kwa watu wema kama wale mtu hupewa kiti, hupewa uji, na baada ya mwaka anakuwa mtu wa kiti na uji. Cherehani yangu ingekuwa ya mtu mwingine. Na Chacha amelala pale uani, chini ya saruji niliyomwekea mwenyewe, kati ya nyumba na geti.

Nikakusanya maneno niliyokuwa nayo. "Nipe muda," nilisema. "Mahindi."

Ghati akanifafanulia: mpaka mahindi ya msimu huu yaingie ndani.

Mwita akafikiri. "Sawa. Mahindi yakishaingia nitakuja. Nikikukuta unatoka mlangoni hadi getini kunipokea, bila mtu kukushika na bila fimbo, sitasema tena. Ukishindwa, unapanda gari."

Tukakubaliana hivyo. Kutoka mlangoni kwangu hadi getini nilimwagiza Ghati apime kwa futi yangu ya nguo, akapiga magoti juani akipima huku majirani wakimuuliza anamshonea nani gauni la urefu huo. Ni mita ishirini na mbili.

Mahudhurio ya kwanza ya mazoezi yalikuwa Musoma, mvua za masika zikianza. Mtu anayeugua ugonjwa huu ajue kwamba sehemu kubwa ya tiba ni benchi. Kwenye benchi lile tulikaa wa kulia na wa kushoto, na mzee mmoja kutoka Serengeti, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye shuka la kimasai, aliniuliza, "Mama, wewe wa upande gani?"

"Kulia."

"Vizuri. Mimi kushoto. Wakitushona pamoja tunapata mtu mmoja mzima."

"Mimi ndiye fundi," nilimwambia, "ila kwa sasa sindano siwezi kuitia uzi."

Ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote tangu Januari, na mzee alicheka hadi muuguzi akachungulia. Nilirudi nyumbani na sentensi ile kama mtu aliyetoka mnadani na ng'ombe.

Mtaalamu wa mazoezi aliitwa Neema. Alinipa kiatu chenye plastiki ya kunyanyua vidole, akanionyesha namna ya kuhamisha uzito, akaniambia nitembee kila siku, kidogo kidogo, mahali pa tambarare penye kitu cha kushika. Uani kwangu masika ilikuwa imegeuza kila kitu tope. Nikaanza kwenda dukani kwa bajaji asubuhi, nikae tu kwenye kibaraza, niwe mbele ya watu badala ya kutazama dari. Na huko nyuma ya duka ndiko palipokuwa na ua wa saruji, mkavu, tambarare, na katikati yake nguzo fupi yenye mmea.

Mmea ule nilikuwa nimeuona miaka kumi na tisa kupitia mlango wa nyuma. Unaitwa tulsi. Ni ndugu wa kivumbasi, kile tunachoweka vyumbani kufukuza mbu, na ukigusa jani lake unajua. Kila asubuhi Ba huumwagia maji kutoka chombo kidogo cha shaba, huwasha taa ya samli, kisha huanza kuuzunguka. Anazunguka pekupeku, midomo ikitembea, mmea ukiwa mkono wake wa kulia siku zote. Miaka yote ile nilikuwa nimeona na sijauliza. Nilichukulia kwamba ni mambo yao, kama wao walivyochukulia nyimbo zetu za mazishi kuwa mambo yetu.

Asubuhi moja nilikuwa narudi kutoka chooni, nimeshika ukuta, nikasimama kupumzika. Ba alimaliza mzunguko, akanitazama mguu.

"Shikamoo Ba."

"Marahaba. Huko Musoma wamekuambia utembee?"

"Wameniambia."

"Basi mbona umesimama? Vua viatu, uje nyuma yangu."

Nilimweleza ukweli, kwa kuwa sikutaka kumdanganya bibi aliyeniokoa. Nilisema mimi ni Mkristo, sitaweza kuabudu mti.

"Nani amekuomba uabudu?" alisema Ba. "Nimekuomba uvue viatu."

Hapo likaja tatizo la kwanza. Bila kile kiatu cha plastiki vidole vyangu vilikuwa vinakwama, nami naanguka. Na kiatu kina mkanda wa ngozi, na kwa imani yao ngozi ya mnyama haifiki pale kwenye tulsi, hilo Ba hakulijadili hata kidogo. Tukakaa kwenye ngazi tukifikiri, bibi wa zaidi ya miaka themanini na fundi asiyeweza kushika sindano. Kisha Ba akaingia dukani akarudi na kipande cha dengrizi, kitambaa cha jinzi, kilichobaki kwenye jora. Mimi nikaonyesha kwa kidole: kipite chini ya unyayo, kipande juu, kifungwe chini ya goti, kivute vidole. Ba akashona. Mshono wake ni mbaya sana, nilimwambia, akaniambia nishone mwenyewe basi. Lakini kilinyanyua vidole.

Ndivyo nilivyoanza. Ba alikuwa na masharti yake, na niliyaandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa ule uliokuwa wa sketi ya bluu. Kitu kitakatifu kiwe kulia kwako, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaokula na ndio unaotoa, na huwezi kumpa Mungu bega la pili. Usiukatishe mzunguko katikati ukarudi. Usiongee habari za watu. Na usikimbilie. Siku ya kwanza nilikaza meno nikajaribu kumfuata kwa kasi, akageuka.

"Unakwenda wapi? Huku hakuna mwisho, tunarudi palepale. Tembea kama mwenye mimba ya miezi tisa aliyebeba ndoo kichwani."

Niliwahi kuwa hivyo, kwa hiyo mwili ulikumbuka. Unaweka mguu, unauamini, ndipo unahama. Neema alikuwa ameniambia jambo hilohilo kwa maneno ya hospitali na sikulielewa.

Ba alizunguka akisema majina ya Mungu wake. Mimi nilimuomba wangu. Nilimuuliza kama hilo halimkwazi.

"Wewe omba kwa unayemjua," alisema. "Tulsi hana wivu."

Siku ya kwanza nilizunguka mara mbili, nikaketi nikitetemeka. Mwisho wa wiki, mara tano. Mzunguko mmoja pale ni mita saba kasoro kidogo, nilipima. Jumapili tulsi haimwagiliwi maji, ni desturi yao, na Jumapili mimi niko kanisani, basi sote watatu tulipumzika siku moja. Masika ilivyoendelea kunyesha juu ya mabati, nilifika mizunguko ishirini na moja, fimbo ikiwa mkono wa kushoto, kisha fimbo ikiwa imeegemezwa ukutani. Naresh alikuwa akipita na majora begani, anatuona, anasubiri tumalize mzunguko ndipo avuke.

Habari zilifika Mugumu. Mwita alipiga simu.

"Shemeji, nasikia unazunguka miungu ya Wahindi."

"Kuzunguka umesikia vizuri."

"Na miungu?"

"Huyo ni wa Ba. Mimi namuomba wa kwetu, na Ba anajua."

"Unazunguka mara ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Bila fimbo?"

"Bila fimbo."

"Mh," alisema Mwita, na nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Haya. Ila geti haliko kwenye duara."

Nilikasirika, kisha nikasahau. Ningemsikiliza ningejiokoa na aibu.

Mahudhurio ya pili yalikuwa mvua zinapoisha. Niliingia Musoma kifua mbele. Yule mzee wa Serengeti alikuwa benchini, mkono umeshatoka kwenye shuka, anaweza kushika kikombe. Nilimwambia angoje aone. Neema akanisimamisha mwanzo wa korido, akaniambia nitembee hadi mwisho, kule kwenye dirisha. Nikaacha fimbo kwa Ghati. Nikaenda kwa mwendo wa ndoo kichwani, mzuri, watu wananitazama. Hatua ya nane hivi nikaona ukuta wa kulia umesogea. Hatua ya kumi nilikuwa naelekea mlango wa chumba cha sindano. Nikajaribu kunyoosha, mguu ukakataa. Ulikuwa na njia yake. Niliingia chumba cha sindano kwa heshima zote na kumkuta kijana amelala kifudifudi, suruali imeshushwa.

"Samahani," nilimwambia.

"Hamna shida mama," alijibu ndani ya mto.

Neema alinitoa, akanirudisha mwanzo, akaniambia nirudie. Nikaishia mlango uleule. Akanitaka nigeuke kushoto, na hapo nikayumba kama nimekunywa. Ikabidi nimweleze habari yote, tulsi, Ba, mkono wa kulia, mizunguko ishirini na moja kila asubuhi kwa majuma. Neema alisikiliza hadi mwisho, mdomo akiwa ameufunika kwa faili.

"Mama Ghati," alisema, "mguu umepata nguvu kuliko nilivyotarajia, na hicho kitambaa cha dengrizi nitakiiga. Lakini umejifundisha kugeuka kulia tu. Sasa zunguka kushoto, siku nyingi kama hizohizo."

Jambo rahisi kulisema ukiwa Musoma. Kesho yake nikamweleza Ba, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika kwelikweli. Alisimama kati yangu na mmea.

"Kushoto haiwezekani."

"Ba, ni mazoezi tu."

"Si hapa. Kushoto tunazunguka maiti. Baba yake Naresh nilimwona wanavyomzunguka kushoto, kabla ya moto. Mmea huu uko hai, nyumba hii ina watu. Usiniletee hiyo."

Sikubishana naye. Mtu aliyekuvulisha viatu kwa sharti lake hawezi kuacha sharti lake kwa ajili yako, na kama angeliacha, mizunguko yangu yote ishirini na moja ingekuwa ni kuzunguka chungu cha maua. Nilizunguka kulia kama kawaida, nikaketi kwenye ngazi. Mahindi kule Turwa yalikuwa yameshatoa ndevu. Nilikuwa na miezi miwili, na mguu unaojua kwenda upande mmoja.

Ba alimaliza yake, akaja akaketi.

"Kwani wewe," aliniuliza, "huna maiti?"

Nikamtazama.

"Ninaye," nilisema. "Ninaye mmoja."

Chacha alikuwa dereva wa lori na mbishi wa kuzaliwa. Ukisema mvua itanyesha, anaanika nguo. Fundi aliyejenga nyumba yetu alitaka mlango utazame mashariki, Chacha akauhamishia kaskazini kwa sababu tu alikuwa ameambiwa. Kama kuna mtu wa ukoo huu ambaye hangeona vibaya kuzungukwa kinyume, ni yeye. Kaburi lake liko uani, saruji imeinuka hadi magotini, pande zote nne kuna nafasi ya kupita, na mvua zilikuwa zimeisha, udongo umekauka.

Jioni ile nilimwambia Ghati nia yangu. Alidhani ugonjwa umerudi. "Watu watasema nini, mama?"

"Watasema nang'oa magugu."

Na kweli niling'oa, kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiegemea. Kisha nikavua viatu, kwa kuwa nilishazoea, nikamweka Chacha kushoto kwangu, nikaanza.

Ilikuwa ngumu mara tatu ya kwa Ba. Ukizunguka kulia, mguu wangu mbovu unakuwa ndani, unakata njia fupi, na mzima ndio unahangaika nje. Kushoto ni kinyume chake: mguu mbovu uko nje na ndio unaotakiwa kuchukua hatua ndefu. Siku ya kwanza nilikamilisha mzunguko mmoja na kumkalia Chacha juu kupumzika, jambo ambalo akiwa hai pia nilifanya. Niliongea naye. Kwa Ba umbea umekatazwa, lakini kwa Chacha hakukuwa na sharti hilo, nikampa habari zote tangu Januari, hadi yule kijana wa sindano.

Ikawa utaratibu wangu wa kiangazi. Asubuhi kulia kwa Ba, jioni kushoto kwa Chacha. Asubuhi kimya, jioni maneno. Nilianza kuona kwamba mdomo wangu unanyooka haraka kuliko mguu, na nadhani ni kwa sababu ya zile jioni, maana mbishi hata akiwa amekufa humwelezi jambo kwa kifupi. Ghati alikuwa akisahihisha daftari za watoto mlangoni, ananisikia, anacheka peke yake. Siku moja alikuja akavua ndala, akazunguka nami mara moja bila kusema kitu, kisha akarudi kwenye daftari zake. Blauzi niliyovaa jioni hiyo nilikuwa nimeifunga mwenyewe, kuanzia chini, na hakikubaki kifungo.

Mahudhurio ya tatu, mahindi yakiwa yamekauka shambani, nilifika dirishani kwa korido nzima. Mzee wa Serengeti alinisindikiza upande wa pili wa korido, yeye anavutwa kushoto na mimi kulia, tukaachana katikati na kukutana mwisho.

Kabla sijafika siku ya Mwita, niseme machache kwa uliyeanza safari hii. Dawa za presha meza hata ukijisikia mzima. Mimi nilikuwa nameza ninapokumbuka, na nimekueleza matokeo. Tafuta mahali penye katikati. Njia ndefu iliyonyooka hukuonyesha jinsi ulivyo mbali, lakini anayezunguka hajawahi kuwa mbali na alikotoka, na anaweza kuketi wakati wowote. Kama katikati ile ni ya mtu mwingine, fuata masharti yake yote au usiende. Anayekuuguza naye anachoka, mwache acheke. Na zunguka pande zote mbili.

Mahindi yaliingia ndani Agosti. Mwita alikuja siku ya Jumamosi saa nne, na gari la kukodi, jambo lililonionyesha kwamba alikuja tayari kubeba mizigo. Ghati alinong'ona dirishani kwamba ameshuka, amesimama getini, hajafungua. Amesimama kama mtu wa mkataba.

Nikatoka. Fimbo niliiacha nyuma ya mlango. Nilikuwa na kitambaa cha Ba mguuni na viatu mkononi, kwa kuwa kutembea na viatu bado kulinishinda kidogo na sharti halikutaja viatu. Mita tano, sawa. Mita nane, mguu ukaanza kutaka kwenda kulia, nikausikia kabla haujafika, nikauita. Getini Mwita alikuwa ameshika kofia.

Nilipofika usawa wa kaburi sikupanga kilichofuata. Mwili ulijua kwamba hapa panazungukwa. Nikamweka Chacha kushoto, nikapita upande wake wa kichwa, upande wa nyuma, upande wa miguu, nikisikia Mwita anasema, "Mura, anakwenda wapi?" kwa dereva, maana mura kwetu ni kijana, au kwa nafsi yake. Nilikamilisha, kwa sababu mzunguko haukatishwi, nikashika njia tena, nikafika getini. Nikatoa komeo kwa mkono wa kulia. Lilikuwa gumu, likachukua muda, Mwita akasubiri upande wake.

"Karibu shemeji," nilisema. "Habari za Mugumu?"

Alinitazama miguu, akatazama nyuma yangu, kule kwa kaka yake.

"Pale umezunguka nini?"

"Kushoto ni kwa waliolala. Ndivyo Ba alivyoniambia. Pale ndipo nimejifunzia."

Mwita ni mtu mkubwa, wa mabuti na koti hata kiangazi. Kisha akaketi kwenye jiwe la geti, akavua buti moja, akavua la pili, akayaweka sambamba kama anaingia kwa watu. Soksi yake ilikuwa na tundu kwenye dole gumba, nikajiwekea akilini niishone. Akaingia, akamweka kaka yake kushoto, nami nikamfuata nyuma. Alikuwa anakwenda upesi.

"Taratibu," nilimwambia. "Kama mwenye mimba aliyebeba ndoo."

"Shemeji, sijawahi kuwa na mimba."

"Basi kama mwenye ndoo."

Akapunguza. Tulizunguka mara moja kamili, yeye mbele, kofia kifuani. Tulipofika tulipoanzia aliigusa ile saruji.

"Chacha angetucheka," alisema.

"Angezunguka upande wa pili, atugonge katikati."

Alicheka, akafuta macho kwa kofia, akaenda kumwambia dereva azime gari aje anywe chai. Ghati alikuwa ameshaandaa. Tuliongea habari za ng'ombe, za mvua, za mchumba ambaye Ghati alisema hayupo. Habari ya kuhama haikutajwa na mtu yeyote, na nilikuwa nimeanza kudhani haitatajwa kabisa, hadi alipokuwa anavaa mabuti yake mlangoni, ameinama, uso hauonekani.

"Kile chumba nilichopiga plasta," alisema Mwita, "nitaweka mahindi."